Kupaka upya dashibodi ya bati nyumbani: brashi, kopo la spreyi au kompresa?

Land Rover Series II na IIA, Toyota Land Cruiser za familia ya 40, Volkswagen Beetle, Kombi za mwanzo: magari haya yote yana dashibodi ya bati iliyopakwa rangi. Ni bahati kwa mwenye gari. Plastiki iliyopasuka kwa jua hairudi, lakini bati likisafishwa vizuri na kupakwa kwa subira huwa jipya kabisa, na kazi hiyo inafanyika nyumbani bila gereji kubwa.

Wengi huanza kwa kuuliza rangi gani ni nzuri. Swali la kwanza linapaswa kuwa lingine: dashibodi yako inatoka garini, au haitoki? Jibu la hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia chombo cha kupakia hadi afya ya mapafu yako.

Inatoka au haitoki

Kwenye Land Rover Series II (1958–1961) na IIA (1961–1971), paneli ya geji iliyo katikati imeshikwa kwa skrubu. Ukizifungua, ukachomoa kebo ya spidomita na nyaya, paneli inatoka nzima na unaibeba kwa mkono mmoja. Rafu ya chini nayo imefungwa kwa bolti. Series III, iliyoanza 1971, ina dashibodi ya plastiki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo haihusiki na makala hii.

Land Cruiser ya 40 ni habari nyingine. Bati la dashibodi limechomelewa kwenye ukuta wa mbele wa kabati (chumba cha abiria), chini ya kioo. Kinachotoka ni geji, mlango wa droo, kisahani cha majivu, kishikio cha abiria na vitufe. Beetle ni hivyo hivyo: dashibodi ni sehemu ya bodi yenyewe, inakwenda hadi kwenye mpira wa kioo cha mbele. Hapa utapaka ukiwa umeinama ndani ya gari, na rangi yoyote utakayopuliza itatafuta viti, usukani, dari na kioo.

Kwa kutazama haraka

Hesabu zilizo hapa chini ni za dashibodi yenye eneo la takriban mita 0.6 za mraba, yaani Land Cruiser au Beetle nzima. Paneli ya Land Rover peke yake ni chini ya nusu ya hapo.

| | Brashi na rola, rangi ya mafuta | Kopo la spreyi, 1K | Kompresa na bunduki, 2K |
|---|---|---|---|
| Kiasi cha rangi | robo lita | makopo 2 ya ml 400 | ml 250–300 iliyokwisha kuchanganywa |
| Praima (rangi ya msingi) | robo lita | kopo 1 | ml 150–200 |
| Klia (tabaka la juu lisilo na rangi) | haihitajiki | kopo 1 | ml 250, au hakuna ukitumia rangi yenye mng'ao wake |
| Muda kati ya mikono (tabaka za rangi) | saa 16–24 | dakika 10 | dakika 10–15 |
| Kurudisha geji | wiki 2 | wiki 1 | siku 2–3 |
| Kustahimili petroli na dawa ya mbu | wastani, baada ya mwezi | dhaifu | imara |
| Kufunika ndani ya gari | kingo tu | gari zima | gari zima |
| Kinachoharibu kazi mara nyingi | vumbi, alama za brashi | machozi (rangi kutiririka), kukunjamana | vumbi, maji kwenye hewa |
| Hatari kwa mwili | mvuke wa thina | mvuke wa thina | hadina (kigumishi cha rangi), hatari kubwa |

1K ni rangi inayokauka yenyewe kwa thina kuruka au kwa kukutana na hewa. 2K huchanganywa na hadina, na hukomaa kwa kemia. Ndiyo maana 2K ikishakomaa haiyeyuki tena kwa thina, na 1K nyingi huyeyuka hata baada ya miaka.

Brashi na rola

Njia hii inadharauliwa bila haki. Land Rover ya kazi, inayobeba mbolea na madebe ya maziwa, haihitaji uso wa kioo. Rangi ya mafuta nzuri iliyopakwa kwa rola ya sponji ya inchi 4 na kulainishwa kwa ncha ya brashi laini inatoa uso wa heshima, na ukiigonga kwa jembe kesho unaweza kurekebisha pale pale bila kufunika chochote.

Siri iko kwenye wembamba wa kila mkono. Punguza rangi kwa waiti spiriti asilimia 5 hadi 10, si zaidi. Usipunguze kwa mafuta ya taa, kwa sababu huacha mafuta yanayochelewesha kukauka na rangi hubaki laini kwa wiki nyingi. Petroli nayo iache kabisa: mvuke wake ndani ya kabati la gari unangoja cheche tu. Paka mikono mitatu myembamba, na baada ya kila mmoja pitisha msasa wa maji namba 400 kwa wepesi, futa, subiri siku nyingine. Ukipaka mkono mmoja mnene, juu hukauka na kutengeneza ngozi huku chini kukiwa kubichi. Siku ya jua kali ngozi hiyo hukunjamana.

Adui mkubwa wa njia hii ni vumbi, kwa kuwa rangi hubaki ikinata kwa saa nyingi. Pakia kwenye chumba kilichofungwa, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kidogo, au ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa. Fungua milango kila baada ya muda upate hewa, kisha funga tena.

Rangi za metaliki sahau kabisa kwa brashi. Chembe za alumini hulala kufuata mkono wako na michirizi haifichiki.

Kopo la spreyi

Kwa dashibodi isiyotoka, hii ndiyo njia tunayoipendekeza mara nyingi. Uso ni mdogo, kona ni nyingi, na kopo linaingia mahali bunduki yenye bomba la hewa isipoingia. Ila kopo lina tabia zake, na anayezipuuza hulipa kwa kusasa (kupiga msasa) upya.

Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Makopo mengine ni ya akriliki, ambayo hukauka haraka na unaweza kuongeza mkono baada ya dakika 10. Mengine ni ya enameli, na yana sharti: ongeza mkono ndani ya saa moja, au subiri siku moja au mbili kadiri ilivyoandikwa. Ukipuliza katikati ya muda huo, thina ya mkono mpya huingia kwenye rangi iliyokauka nusu, huivimbisha, na uso wote hukunjamana mbele ya macho yako. Hakuna dawa ya hapo zaidi ya kukwangua. Nunua praima, rangi na klia za aina moja na mtengenezaji mmoja. Kuchanganya akriliki juu ya enameli mbichi ndiko kunakoleta maafa hayo hayo.

Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi ikianza kugonga. Kama ni asubuhi ya baridi, liweke kwanza kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, kwa dakika 10. Usilipashe kwenye jiko wala kulianika juu ya boneti. Kopo la baridi lina shinikizo dogo, hutema matone makubwa, na ndipo unapopata vipele kama ganda la chungwa.

Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bati na acha baada ya kulipita, kila pitio likifunika nusu ya lililotangulia. Ukiwa karibu mno au ukisimama mahali pamoja unapata machozi. Ukiwa mbali mno rangi hukauka hewani na kutua ikiwa vumbi, na uso hukwaruza vidole. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba bado unaona praima. Mkono wa pili na wa tatu ndio wa kufunika. Kona za ndani na pembezoni mwa matundu ya geji zianze kwanza, nyuso pana zije mwisho.

Udhaifu wa kopo la 1K ni kwamba linabaki kuyeyuka. Kwa magari ya watalii jambo hili si dogo. Dawa nyingi za mbu za kupaka zina DEET, na DEET hulainisha rangi na plastiki. Abiria anayepaka dawa kisha akashika kishikio cha dashibodi kutoka Arusha hadi Karatu anaacha alama za vidole ndani ya rangi yenyewe. Sanitaiza yenye alkoholi hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Kama gari lako linabeba wageni, 1K haifai kwenye kishikio na mlango wa droo. Vitoe vipande hivyo, vipakwe 2K, na dashibodi iliyobaki ipate kopo.

Kuna pia makopo ya 2K yenye hadina ndani, ambayo huachiliwa kwa kubonyeza pini iliyo chini ya kopo. Ubora wake ni wa juu. Ukishabonyeza, una siku moja au mbili tu kabla halijagandia ndani, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kwanza. Hatari yake kwa mapafu ni ile ile ya bunduki, na ndani ya kabati la gari ni mbaya zaidi.

Kompresa na 2K

Hapa ndipo uso mzuri kuliko yote unapopatikana, na hapa pia ndipo watu wanapoumia. Hadina ya 2K ina isosianeti. Kemikali hii huweza kuufanya mwili uikatae, na ukishaikataa, kiasi kidogo tu huleta pumu, pengine kwa maisha yote. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hata barakoa ya mkaa si kinga ya kutegemea, kwa sababu isosianeti haina harufu ya kukuonya kwamba kichujio kimechoka. Kinga sahihi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje ya eneo la kazi, pamoja na glavu na miwani. Nani ana kifaa hicho nyumbani? Wachache sana. Kwa hiyo tunasema wazi: usipulize 2K ndani ya kabati la gari, wala kwenye banda la nyumbani ambako watoto wanalala ukuta wa pili.

Njia ya busara ni kugawa kazi. Wewe fanya maandalizi yote nyumbani, ambayo ndiyo asilimia kubwa ya jasho, kisha peleka paneli ikiwa imesaswa, imepigwa praima na kufungwa kwa karatasi safi kwa fundi rangi mwenye chumba cha kupulizia na kinga sahihi. Paneli ndogo anaweza kuipuliza pamoja na kazi nyingine ya rangi hiyo hiyo, na bei huwa tofauti kabisa na ya kumwachia gari zima.

Ili uweze kuzungumza naye mkaelewana, haya ndiyo ya kujua. Bunduki ndogo yenye ncha ya milimita 0.8 hadi 1.0 inatosha na kufaa zaidi kwa rangi ya dashibodi. Bunduki kubwa ya 1.3 hupoteza rangi nyingi nje ya kipande. Shinikizo ni karibu bar 2 kwenye mpini. Klia nyingi huchanganywa 2:1 na hadina, na thina hadi asilimia 10, lakini uwiano wa kopo lako ndio sheria. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa jicho. Hadina ikipungua, rangi haikomai. Ikizidi, inakuwa ngumu na kupasuka.

Ukiuziwa hadina ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikatae. Hadina hunyonya unyevu wa hewa kila inapofunguliwa. Ikiwa na ukungu au chembe ndani, imekufa. Nunua kopo dogo lililofungwa kiwandani.

Maji ni tatizo la pili. Kompresa hubana hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone ndani ya tanki. Tanki lifunguliwe chini kumwaga maji kabla ya kazi, na kichujio cha maji kiwepo karibu na bunduki. Tone moja likitoka na rangi, unaona kishimo. Umeme nao: tanki la lita 50 lililojaa kwa bar 8 huweza kulisha bunduki ndogo kwa dakika mbili hivi hata umeme ukikatika. Mkono mmoja juu ya paneli ya Land Rover humalizika ndani ya muda huo, kwa sharti kwamba umeanza na tanki lililojaa.

Kinachoamua kazi yote: bati lenyewe

Haijalishi umechagua njia ipi, kazi inaharibikia hapa kuliko kwingine kokote.

Dashibodi imefutwa kwa miaka na dawa za kung'arisha. Nyingi zina silikoni, nayo ni adui wa rangi. Ukianza kusasa bila kuosha, msasa huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya ikigusa hapo hukimbia na kuacha vishimo vya duara. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta ya mafundi rangi ukitumia vitambaa viwili: kimoja kilicholowa cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla dawa haijakauka. Fanya mara mbili. Ndipo ushike msasa. Baada ya msasa, futa tena.

Kisha ijue rangi ya zamani. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina kali, kiweke mahali pasipoonekana kwa dakika mbili. Kitambaa kikichukua rangi, iliyopo ni laka au 1K inayoyeyuka, na chochote chenye thina kali juu yake kinaweza kuinyanyua. Rangi ikikunjamana, ni enameli ya zamani, nayo haitavumilia akriliki juu yake. Isipoguswa, ni rangi ya kiwandani iliyookwa au 2K, msingi bora kabisa: isase kwa namba 400 na uendelee. Kwa hali mbili za kwanza, kwangua hadi bati au funga kwa praima ya epoksi. Mwenye brashi ana nafuu hapa, kwa kuwa rangi ya mafuta ina thina laini isiyosumbua kilicho chini.

Rangi za magari ya miaka ya 1970 kurudi nyuma zinaweza kuwa na risasi. Zisase kwa maji, vaa barakoa, kusanya uchafu kwa kitambaa, na watoto na kuku wakae mbali. Usitumie grenda kukwangua rangi ya zamani ndani ya gari.

Kutu hupenda chini ya mpira wa kioo, kuzunguka matundu ya skrubu na kwenye kona za chini ambako maji ya mvua yameingia kimya kimya. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi uone bati linalong'aa. Kutu iliyobaki kwenye vishimo itibiwe kwa dawa yenye asidi ya fosforiki, isuuzwe, na bati likaushwe siku hiyo hiyo kisha praima ipigwe kabla ya jioni. Bati tupu likilala usiku mmoja wa masika, asubuhi lina kutu mpya. Na kama kioo kinavuja, tengeneza mpira kwanza, la sivyo utapaka tena mwakani.

Magari mengi ya safari yametobolewa kwa redio za mawasiliano, swichi za taa za ziada na feni. Matundu hayo yazibwe kwa kipande cha bati kilichochomelewa kutoka nyuma. Fila (lipu ya kujazia bati) peke yake ikiziba tundu huonekana vizuri wiki ya kwanza, kisha barabara ya mawe hulitikisa gari na kipande hicho hudondoka. Ufundi wa fila ni tabaka jembamba juu ya bati imara, hadina asilimia 2 ya uzito. Praima yenye asidi isikutane na fila kwa namna yoyote, juu wala chini, kwani asidi huzuia fila kukomaa na kushika. Tumia epoksi, nayo haina ugomvi na fila.

Mpangilio wa msasa: 80 kwa kutu, 180 kulainisha bati na fila, 320 kumalizia fila, 400 hadi 600 wa maji juu ya praima. Kwa rangi ya metaliki malizia na 800, kwani mikwaruzo ya 400 hutokeza chini ya chembe za alumini.

Arusha si Moshi

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mita 800 hadi 900. Tofauti hiyo rangi inaihisi. Asubuhi ya Julai Arusha, halijoto huweza kuwa chini ya nyuzi 15, na bati huwa baridi kuliko hewa. Ukipuliza saa mbili asubuhi, umande usioonekana unabaki chini ya rangi. Subiri saa nne hadi saa nane mchana. 2K ikilala kwenye baridi inayokaribia nyuzi 10, kukomaa karibu kunasimama, na ratiba yako ya siku 2 inakuwa wiki.

Moshi tatizo mara nyingi ni joto. Mchana wa Februari, akriliki ya kopo hukauka kabla haijajilaza, na uso hubaki na chembechembe. Fanya kazi mapema asubuhi, kivulini, na usiliache gari juani kwanza: bati la dashibodi chini ya kioo hupata moto kuliko hewa ya nje.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni msimu mbaya kwa wote. Akriliki na laka zikikauka kwenye hewa yenye unyevu mwingi hugeuka kuwa na ukungu mweupe. Ukiupata, ngoja siku kavu, puliza mkono mwembamba tena. Mara nyingi ukungu huyeyuka na kuondoka. Miezi ya kiangazi ina vumbi badala ya maji, kwa hiyo mwagilia uwanja kabla ya kuanza na usipange kazi siku ya upepo.

Mng'ao

Beetle nyingi zilitoka kiwandani na dashibodi ya rangi ya bodi, ikiwa inang'aa. Kwa anayetaka gari la maonyesho, hiyo ni sahihi na isibadilishwe. Kwa gari la kuendesha kila siku chini ya jua letu, uso wa juu unaoelekea kioo ukiwa unang'aa hurudisha mwanga machoni, na saa nane mchana barabara ya Moshi–Arusha utaona dashibodi kwenye kioo badala ya barabara. Uso wa juu upate klia isiyong'aa, uso wa wima ubaki na mng'ao au nusu yake. Mpaka kati ya hizo mbili uufuate mkunjo wa bati, usionekane.

Kupata rangi inayolingana, usipeleke picha ya simu dukani. Peleka kisahani cha majivu au mlango wa droo, na waonyeshe sehemu ya ndani ambayo jua halikuifikia.

Tungechagua nini

Land Rover Series II au IIA ya matembezi: toa paneli, andaa nyumbani, fundi aipige 2K. Hakuna sababu ya kufanya vingine.

Land Rover ya shamba: rola na rangi ya mafuta, bila kusita. Tumia pesa iliyobaki kwa mpira wa kioo.

Land Cruiser ya 40: kopo la akriliki juu ya praima ya epoksi, na vipande vinavyotoka vipelekwe 2K kama gari linabeba wageni. Rangi ya kopo na ile ya 2K zichanganywe siku moja, vinginevyo kishikio na dashibodi vitatofautiana.

Beetle ni ngumu kuliko zote, kwa sababu ya mpira wa kioo na rangi kulingana na bodi. Ikiwa bodi nzima itapakwa karibuni, subiri dashibodi ipigwe siku hiyo kioo kikiwa nje. Ikiwa bodi ni nzuri, tumia kopo: ingiza kamba nyembamba ya nailoni chini ya ulimi wa mpira kuzunguka chini yote, mpira unyanyuke, kisha ubandike maskintepu nyuma yake. Rangi itaingia chini ya mpira na mpaka hautaonekana ukitoa kamba.

Kutoa na kurudisha

Anza na betri, waya wa arthi kwanza. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina arthi kwenye nguzo ya chanya, kwa hiyo fuata waya hadi unapofungwa kwenye chasi, usifuate alama. Betri ibaki nje hadi mvuke wote wa rangi uishe. Piga picha nyuma ya geji, na kila waya upate kipande cha maskintepu chenye namba. Geji ya joto ya baadhi ya magari ya zamani imeungwa kwa bomba jembamba la shaba lisilochomoka. Usilikunje wala kulikata, bomba hilo likivunjika geji imekufa. Ifungue geji kwenye paneli na uiache ining'inie, au uchomoe ncha ya upande wa injini.

Maskintepu itolewe rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiivuta kuelekea nyuma yake yenyewe. Ukisubiri ikauke kabisa, inang'oa ukingo. Kwa 1K usikaze geji kabla ya wiki moja kwisha, na hata hapo weka washa (pete bapa) ya mpira mwembamba au karatasi, kwa kuwa pete ya chuma huzama kwenye rangi changa na kuacha alama ya kudumu.

Taa za geji zikikataa kuwaka baada ya kazi nzuri yote hiyo, usikimbilie kununua geji mpya. Nyingi hupata arthi kupitia bati la dashibodi, na rangi yako mpya imeikata. Kwangua rangi nyuma ya paneli, upana wa washa tu, pale bano la geji linapogusa na kwenye skrubu moja inayoshika paneli kwenye bodi. Paka grisi kidogo juu ya bati hilo tupu lisipate kutu, kisha kaza.